Miwani ya Karani Jeremia

Kamakwa, Nyeri
14 Januari 1968

Mpendwa Mwanaisha,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata katika sala. Ninaandika huku nimeifunika karatasi kwa kitabu cha jiografia, ili mtu akiingia aone ramani ya Brazili tu. Najua, mtu wa pekee anayeweza kuingia hapa ni Guka, na babu yangu haoni Brazili wala Nyeri siku hizi. Lakini naifunika.

Unakumbuka siku mlipohama Majengo hapa mjini kwenda Kagio? Vyombo vikiwa juu ya lori, baba yako aliniita kando akanipa kifurushi kilichoshonewa kwenye kitambaa cha bitana. Akasema, "Mpe babu yako mkononi. Mwambie Abdulkadir amerudisha amana yake." Sikumpa, Mwanaisha. Sasa ni miezi mitano.

Nilitaka kuchungulia tu. Nikafumua mshono mmoja, halafu mwingine. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba cha misheni, herufi zimefifia: Miwani ya Karani Jeremia, kimetungwa na Hezekiah Gatimu, 1931. Guka! Guka wangu, ambaye kazi yake ni kuchambua kahawa na kugombana na ukungu, aliandika kitabu, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukitaja hata mara moja.

Dibaji inasema ni onyo kwa vijana wenye kiburi. Mwanaisha, onyo gani? Jeremia ni karani kijana wa ofisi ya D.C. Padri mzee akirudi kwao Ulaya anamwachia miwani yake, miwani nzito kama chini ya chupa. Macho ya Jeremia ni mazima kabisa, lakini anaivaa kwa sababu inampa heshima, na akiivaa haoni kitu. Anaamkia nguzo ya lango. Anampigia saluti punda wa mtoza kodi. Akipewa barua asome mbele ya wazee, haoni herufi, na kuivua miwani hawezi, wazee watacheka. Sasa nyuma ya ghala kuna msichana aitwaye Rahabu, aliyejifunza kusoma kwa siri kwenye kibao cha kaka yake. Yeye ndiye anayemnong'oneza barua nzima, neno kwa neno, na wazee wanasema, "Ona miwani inavyofanya kazi!"

Nilicheka mpaka nikauma blanketi. Guka akauliza kutoka chumba chake, "Mke wangu, nini?" Nikamwambia ni hesabu.

Kwa nini sikumpa hata baada ya kusoma? Kwa sababu angeniambia nimsomee. Unajua mimi ndiye macho yake tangu mtoto wa jicho ashike macho yote mawili. Na humo ndani mna maneno ya posa, Mwanaisha, Jeremia anamwambia Rahabu mambo. Mimi ninayeshindwa kusema "nipo" mwalimu akiita majina, ningeyatamkaje mbele ya Guka?

Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Gazeti la shule lilikuwa na tangazo: kampuni moja ya picha za sinema Nairobi inatafuta hadithi za zamani. Nikapeleka kitabu. Nilitaka watu wengi wacheke pamoja nami bila mimi kuwepo. Walitaka idhini ya mwandishi au ya mtu wa nyumba yake. Nikaandika idhini, nikatia sahihi: Watiri wa Hezekiah. Si uongo kabisa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukicheka Guka akiniita mke wangu mbele ya watu, kwa vile mimi ni binti wa kwanza wa mwanawe Kihara na nimebeba jina la Cucu, mkewe. Lakini Cucu alikufa nikianza kutembea, na watu wa Nairobi hawajui.

Jumapili iliyopita Mzee Moffat wa kanisa alimkabidhi Guka jibu lao. Guka akaja nalo nyumbani, akaketi, akasema, "Soma." Nikafungua. Ilisema, "Tumekipokea kitabu chenu kwa furaha kubwa." Na mimi, nikiwa nimesimama pale mbele yake, nikamsomea kwamba chama cha kahawa kinawaomba wakulima wasichanganye mbivu na mbichi.

Akasema, "Hilo walituambia mwaka jana." Kisha akainyoosha karatasi kwa vidole. "Watu wa kahawa siku hizi wanatumia karatasi nzuri."

Nimemwibia mtu asiyeona. Nifanye nini?

Wako,
Watiri


Kagio
23 Januari 1968

Kwako Watiri, mke wa mwandishi,

Salamu sana. Ati umeolewa lini, na mbuzi walikuwa wangapi? Mbona sisi Waislamu wa Majengo hatukualikwa, hata wali tungepika! Wali huku ndio tunaoupumua. Duka letu linatazama barabara ya Mwea na kila baiskeli inayopita ina gunia la mpunga, na vumbi la makapi linaingia mpaka kwenye cherehani.

Nimesoma barua yako mara tatu, nikicheka mara mbili na mara moja nikashika kichwa. Watiri, wewe! Wewe uliyekuwa ukitumwa dukani ununue chumvi unasimama nje mpaka wateja waishe! Umeandikia Nairobi!

Lakini sikiliza. Juzi Baba aliniuliza, "Hezekiah alisemaje alipopata amana yake?" Nami nikajibu, "Alifurahi sana, Baba." Imetoka tu. Kwa hiyo sasa tuko waongo wawili, mmoja Nyeri na mmoja Kagio, na wangu umeutengeneza wewe.

Mwambie Mzee mapema. Kila siku ukingoja, uongo unaongezeka urefu kama sare ya shule ya mtoto anayekua: utaufumua pindo, utaufumua pindo, mwisho kitambaa kitaisha. (Hayo ni maneno ya duka, usinicheke.)

Nawe ukifanikiwa wakapiga hiyo picha, mimi nataka kuona punda.

Wako, mwongo wa pili,
Mwanaisha binti Abdulkadir


Nairobi
9 Februari 1968

Kwa Mama Mheshimiwa, Bi. Watiri wa Hezekiah,

Pokea heshima zangu wewe na Mzee. Jina langu ni Ndungu, na mimi ndiye nitakayeongoza picha hii.

Mama, nataka ujue kilichotokea ofisini kwetu. Nilikuwa nimeuliza walimu wa zamani kuhusu kitabu chenu. Wawili walikikumbuka, na wote wawili waliniambia, "Ah, kile cha mahubiri." Basi nikakifungua kwa uchovu, kwenye kiti cha kinyozi. Nilipofika mahali Jeremia anapomshika ng'ombe wa baba mkwe pembe akidhani ni mkono na kumwuliza habari za nyumbani, kinyozi aliniambia nitulie au niondoke. Nilimsomea. Akaacha wembe. Wateja wakaacha zamu zao. Mama, kitabu hiki kimekaa miaka thelathini na saba kikidhaniwa ni mahubiri!

Tumeamua kukifanya picha ya kuchekesha, ya nyakati zile zile, na kofia zile zile na gari moshi. Tutapiga huko kwenu, tukianza na stesheni ya Kiganjo mwezi wa nne. Nguo za zamani ndizo zinazotusumbua, lakini tutapata fundi.

Jambo moja ni zito. Nakala yenu haina ukurasa wa mwisho. Umechanwa vizuri, kwa uangalifu, kwenye mshono. Tunamwona Jeremia akinyanyua mikono kuivua miwani mbele ya Rahabu, aone uso wake kwa mara ya kwanza, na hapo karatasi inaisha. Nimetafuta nakala nyingine kila mahali, hakuna. Tafadhali mwulize Mzee: Rahabu alisema nini?

Wako mtiifu,
Ndungu


Kamakwa, Nyeri
18 Februari 1968

Kwa Bwana Ndungu,

Salamu. Mzee wangu macho yamefifia na hapendi kusumbuliwa na mambo ya zamani. Tafadhali barua za kazi zitume kwangu kwa sanduku la shule ya wasichana, mjukuu wangu ataniletea. Ni msichana mpole, hatazifungua.

Umeuliza mwisho. Mwisho ni hivi. Jeremia anaivua miwani. Anamtazama Rahabu. Rahabu anajifunika uso kwa kitabu na kusema: "Ivae tena, Jeremia. Sijawa tayari kuonwa."

Basi.

Watiri wa Hezekiah


Kamakwa, Nyeri
16 Aprili 1968

Mpendwa Mwanaisha,

Sijakuandikia kwa sababu nilikuwa naona haya, na leo nakuandikia kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Nimeiona.

Nilikwenda Kiganjo na mama jirani, Kagure, yule anayewauzia abiria ndizi pale stesheni. Nilibeba kikapu chake ili niwe na sababu ya kuwa pale. Tulifika asubuhi na mlima ulikuwa umetoka wote, mpaka theluji, na chini yake, Mwanaisha, mwaka haukuwa huu. Ubao wa stesheni ulikuwa umepakwa rangi upya kwa maandishi ya kizamani. Askari walikuwa na kofia nyekundu za tarabushi na bendeji za miguuni. Wanawake walikuwa na mashuka yaliyofungwa begani, na mmoja alikuwa yule dada Wachuka wa kwa fundi viatu, lakini nilipomwamkia hakunijibu, alikuwa ameshakuwa mtu wa zamani.

Kisha gari moshi likaja, na mlangoni alisimama Jeremia. Suti imembana, kola imemkaba, na ile miwani! Akateremka kwa maringo, akavua kofia, akainama mbele ya tangi la maji la stesheni na kuliambia, "Bwana mkubwa, nimefika."

Watu wote walicheka. Kagure aliangusha kichane cha ndizi. Halafu mtu mmoja mfupi mwenye sweta akapiga kelele, "Rudia!" na Mwanaisha, gari moshi likarudi nyuma. Lile lidude lote la chuma lilirudi nyuma, moshi na yote, mpaka kwenye kona, ili lije lifike upya. Mara nne. Kwa sababu siku moja Guka, kabla sijazaliwa, kabla hata baba yangu hajazaliwa, alikaa chini na wino akaandika kwamba karani aliliamkia tangi. Sikujua kwamba maneno yanaweza kuinuka hivyo na kuamuru gari moshi.

Yule mwenye sweta ndiye Bwana Ndungu. Wakati wa chai aliwauliza watu, "Kuna anayemfahamu Mama Watiri wa Hezekiah, wa Kamakwa? Nataka kumwamkia." Nikainama ndani ya kikapu kana kwamba nimepoteza kitu. Kagure akaanza, "Watiri? Lakini Watiri wa Hezekiah si ali..." na mimi nikamkanyaga mguu. Akanitazama. Nikanunua ndizi zake mwenyewe kutoka kwa kikapu nilichobeba mwenyewe. Hakusema zaidi, lakini tulirudi nyumbani njia nzima akinitazama kwa pembeni.

Na jioni si akaja kwa Guka kuchota habari! "Mzee, hiyo kitu ilinichekesha mpaka tumbo ikauma. Kijana ako na miwani kubwa hivi, anasalimia tangi!" Nilikuwa jikoni. Nilishika sufuria isilie.

Guka akasema, "Tangi?"

"Tangi ya maji! Ati Bwana mkubwa, nimefika!"

Mwanaisha, Guka alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kile. Kilikuwa cha kijana. Alicheka mpaka akavua kofia, na machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona, na Kagure naye akacheka upya. Halafu Guka akainua mkono akashika kola ya koti lake, lile la kanisani, akaibana kwa vidole viwili kama anayetafuta kifungo. Akakaa hivyo mpaka Kagure akaaga. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mke wangu, niletee maji."

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilifungua kinywa. Nikamletea maji.

Nimesahau jambo moja. Nilisikia wasaidizi wa Bwana Ndungu wakisifu nguo, kwamba wamempata fundi mmoja wa Kagio anayekumbuka mishono yote ya zamani. Mwanaisha, fundi wa Kagio ni nani?

Wako kwa hofu,
Watiri


Kagio
25 Aprili 1968

Watiri,

Fundi wa Kagio ni nani! Kagio iko na mafundi watatu, mmoja anashona magunia na mwingine amelewa. Hesabu mwenyewe.

Walikuja na gari mwezi wa tatu. Sikukuandikia kwa sababu mwanzoni sikujua ni watu wako, na nilipojua nilikuwa nimeshachelewa. Walimwambia Baba wanataka tarabushi kumi na mbili, mashuka, suti moja ya karani ya kubana, na wakamwachia karatasi ya vipimo. Juu ya karatasi palikuwa na jina la picha. Baba aliweka mkasi chini. Unajua Baba haweki mkasi chini hata kwa chakula.

Akasema, "Mwanaisha. Hezekiah alifurahi, eh?"

Nilimwambia yote, Watiri. Nisamehe. Nilidhani atapiga kelele. Alishona tu siku nzima. Magharibi ilipokaribia alinyoosha kola ya ile suti ya karani mezani, akanihadithia jambo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema kwako.

Mwaka wa hamsini na tatu, juma lile alipomzika bibi yako, Mzee Hezekiah alikuja dukani kwetu Majengo na vitu viwili: kile kitabu na kitambaa cha koti. Wakati ule wa Hali ya Hatari ya wakoloni makaratasi yalichomwa, na serikali na majirani, kila mtu akiogopa mwenzake. Akasema, "Abdulkadir, nakala ni hii moja. Kwenu Waislamu hawatapekua. Nifichie." Baba akakubali. Halafu Mzee akakifungua mwishoni, akachomoa ukurasa wa mwisho taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Akasema, "Huu nishonee ndani ya kola ya koti."

Baba akamwuliza, kwa nini huu peke yake? Mzee akasema, "Kwa sababu hapa ndipo anapozungumza mara ya mwisho. Maneno ni yake mwenyewe. Mimi niliyanakili tu."

Kwa hiyo Rahabu ni bibi yako, Watiri. Na yule mjinga mwenye miwani ni yeye, Mzee. Baba anasema Majengo nzima ilimwona Hezekiah kijana akimwamkia punda.

Koti ni lile lile. Lile la kanisani, ambalo wewe hulipiga brashi kila Jumamosi. Baba hakuusoma ule ukurasa. Aliushona kati ya bitana na kitambaa kigumu, akapitisha uzi mara mbili.

Nikamwambia Baba, basi nenda Nyeri umweleze Mzee. Akakataa. Akasema, "Amana nilimpa yule mtoto aifikishe. Nikienda mimi nitakuwa nimemwambia kwamba hawezi."

Watiri, wale watu walikuuliza mwisho, na wewe uliwaambia nini?

Mwanaisha


Nairobi
2 Agosti 1968

Kwa Mzee Hezekiah Gatimu na Mama Watiri,

Wazee wangu, picha imekwisha. Tutaionyesha Nyeri kwanza, kabla ya Nairobi, kwa sababu ni yenu. Ni Jumamosi, tarehe kumi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mji. Viti viwili vya mbele vina majina yenu. Nitakuja mwenyewe Kamakwa na gari kuwachukua.

Mama, yale maneno ya mwisho uliyotuletea yalitutuliza sote. Mwigizaji wetu aliyasema mara moja tu. Mpiga picha, mtu asiyecheka wala kulia, alisahau kuzima mashine. Hatukurudia. Ningependa picha ikiisha usimame, watu wakuone.

Safari hii naandika kwa sanduku la kanisa, ili Mzee apokee kwa mkono wake.

Ndungu


Kamakwa, Nyeri
9 Agosti 1968, Ijumaa

Mpendwa Mwanaisha,

Umeniandikia mara tatu tangu Aprili na sikujibu. Nilikuwa na barua yako chini ya godoro kama kaa la moto, na kila Jumamosi nililipiga brashi lile koti nikiruka kola.

Jana Guka alirudi kutoka kanisani na bahasha. Hakunipa. Alikaa, akaipapasa, akaikunja kona. "Mke wangu," akasema, "watu wa kahawa wameandika tena. Karatasi ni ile ile." Nilisimama pale, Mwanaisha, nikiitazama bahasha. Akangoja. Nje mvua ya rasharasha ilikuwa ikidondoka kwenye bati. Kisha akaiweka mezani, akaweka kopo la chumvi juu yake ili isipeperuke, akasema, "Utanisomea ukiwa tayari." Akaenda kuangalia kahawa yake, ambayo haioni.

Ukiwa tayari! Nilihisi kama mtu ameitoa ile sentensi yangu Nairobi akaileta mpaka kwenye meza yetu.

Uliniuliza niliwaambia nini. Niliwaambia kwamba Rahabu alijifunika uso, akasema, "Ivae tena, Jeremia. Sijawa tayari kuonwa." Nilifikiri nimetunga maneno ya Cucu. Sasa najua. Msichana aliyesimama nyuma ya ghala akimsomea mtu wa D.C. barua nzima mbele ya wazee hakuwa mtu wa kujifunika uso. Huyo aliyejifunika ni mimi. Barua ile niliifungua peke yangu, nikaisoma, nikairudisha chini ya kopo: kesho alasiri wanaonyesha picha, na ukumbi mzima wa Nyeri utanisikia kwa kinywa cha Rahabu, na Guka atakuwa kiti cha mbele, haoni, anasikiliza tu, akingoja sauti ya mke wake. Na itakayokuja ni yangu.

Asubuhi hii nililiweka koti juu ya meza. Nilibonyeza kola. Miaka yote nilidhani ni kitambaa kigumu cha baba yako. Ina sauti, Mwanaisha. Ukiibana polepole inasema kama jani kavu la mgomba. Miaka kumi na mitano amekwenda nayo kanisani, sokoni, mashambani, kwenye mazishi, na mimi nimekuwa nikiipiga brashi.

Nilichukua mkasi. Nitakuambia ukweli: nilichukua mkasi, na mkono wangu unaujua mshono wa baba yako, wewe ndiwe uliyenifundisha. Ningefumua, nikasoma, nikashona tena, na Guka asingejua. Nilifikiri, Bwana Ndungu anaweza kubadili mwisho, bado kuna saa ishirini na nne. Nikaweka ncha ya mkasi chini ya uzi.

Halafu nikakumbuka mahali pale kitabuni ambapo Jeremia anaweza kabisa kuivua miwani, hakuna anayemtazama, njia ni tupu, na bado haivui, kwa sababu amezoea. Mahali pale ndipo nilipouma blanketi kwa kicheko. Nikaurudisha mkasi kwenye sanduku.

Basi mpango wangu ni huu, nakuambia ili nisiweze kurudi nyuma. Barua ya Bwana Ndungu nitaisoma kama ilivyoandikwa. Kisha ile ya Januari, ile ya kahawa, nitaisoma upya. Kisha nitampa mkononi kitabu, ambacho Bwana Ndungu alinirudishia kwa sanduku la shule, niseme, "Abdulkadir amerudisha amana yako," nikiwa nimechelewa mwaka karibu mzima. Kisha nitamsomea kitabu chote kwa sauti, mpaka maneno ya posa, mpaka mikono ya Jeremia iliyonyanyuliwa. Na hapo nitanyamaza, na yeye akitaka ataniambia kilichofuata. Asipotaka, ni chake.

Akinifukuza, nitakuja Kagio. Naweza kupiga pasi.

Akikubali kwenda kesho, nitaketi nyuma ya kiti chake. Si kile chenye jina. Nitamnong'oneza kila kinachopita: sasa gari moshi limefika, sasa ameteremka, sasa anaivua kofia. Mwisho ukifika nitamwambia mbele ya watu wote maneno yale ni ya nani.

Mwanaisha, nasikia fimbo yake. Amefika kwenye mkunazi. Fimbo, hatua, fimbo, hatua, halafu anasimama kukung'uta tope, kama kila siku. Mkono wangu umeenda wenyewe kwenye kitabu cha jiografia. Nimekitupa chini ya kitanda, Brazili na yote.

Yuko kwenye ngazi. Mezani nimeacha karatasi hii, barua yake chini ya kopo la chumvi, kitabu, na koti, vyote wazi.

"Watiri! Mke wangu, uko?"

Niko, Guka. Ingia. Nitaanza na hii.

Watiri wa Kihara,
mjukuu